Kufufua Kiti cha Mtoto cha Kukunja Ulichorithi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtoto anapozaliwa katika ukoo wenye nyumba ya zamani hapa Mombasa, mwezi haupiti kabla mtu hajakumbuka kwamba kuna kiti juu ya kabati la shangazi. Kiti chenyewe ni kile cha mbao ambacho kikisimama huwa kirefu, mtoto akafikia meza ya chakula pamoja na wakubwa, na kikikunjwa kiunoni hushuka na kuwa kigari chenye magurudumu manne, au kiti kifupi chenye meza ya kuchezea mbele yake. Kiti huteremshwa, hupanguswa vumbi, kisha maswali huanza, na kwa miaka kadhaa nimeulizwa yale yale. Nipake rangi mpya juu ya ile ya zamani? Mbona kinayumba? Gundi ipi inafaa? Na la mwisho, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike: kuna hatari gani, ilhali mimi mwenyewe nilikikalia na sikudhurika?

Jibu la swali hilo ni kwamba kiti ulichokalia wewe kilikuwa kichanga kuliko hiki kwa miaka thelathini au arobaini. Mbao yenyewe, ikiwa ni msaji au mvule, huenda haijabadilika sana. Kilichochoka ni mahali kiti kinapojikunja, yaani bawaba, boliti za mhimili na kulabu za kufungia, pamoja na gundi iliyo ndani ya viungo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na sehemu zinazotembea, na urembo nimeuacha nyuma kwa makusudi. Watu wengi huanza na vanishi, wakaishia kuwa na mtego unaong'aa.

Viti vya namna hii vilitengenezwa kwa wingi Uingereza na Marekani kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, na vile vya zamani zaidi hutambulika kwa magurudumu yake madogo ya chuma cha kalibu. Ulicho nacho kinaweza kuwa kimojawapo, au kikawa kimeigizwa na seremala wa hapa pwani kwa mbao alizokuwa nazo. Kazi ya kukifufua ni ile ile.

Vitu vya kuandaa

Usianze kufungua skrubu hata moja kabla vitu hivi havijawa mezani, kwa maana kiti kilichofunguliwa nusu na kusubiri mwezi mzima hupoteza vipande.

- Bisibisi mbili za bapa, moja pana na moja nyembamba, kwa kuwa skrubu za zamani zina mfereji mmoja tu.
- Keekee yenye vyuma vya milimita 3 hadi 10.
- Patasi ndogo yenye makali, nyundo ya mbao au ya mpira, na futi.
- Gundi ya mbao iliyoandikwa kwamba inastahimili maji, siki nyeupe, spiriti, na mswaki wa zamani.
- Tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu vya upana wa sentimita 3 hivi.
- Msasa wa maji kwa ajili ya rangi ya zamani, na msasa mkavu wa namba 120, 180 na 240 kwa ajili ya mbao iliyo wazi.
- Barakoa ya kuzuia chembechembe (ya kitambaa haitoshi), glavu, na karatasi kubwa ya nailoni ya kutandika chini.
- Skrubu, boliti na washa (visahani vyembamba vya chuma vyenye tundu katikati) mpya za shaba au za chuma kisichoshika kutu.
- Mkanda wa mabegi wa upana wa sentimita 2.5 pamoja na bizimu yake. Mafundi wa mabegi watakuuzia kwa futi.
- Vikopo vitano au sita vyenye vifuniko, vya kutenganishia skrubu za kila sehemu.

Kuhusu majira, panga kazi hii wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu kidogo. Ukianza wakati wa masika, mbao itakuwa imevimba, gundi itachelewa kukauka, na vipimo vyote utakavyochukua vitakudanganya.

Kazi yenyewe

1. Kigeuze juu chini ukisome. Hatua hii huonekana ya kupoteza wakati, nami ndiyo iliyonigharimu zaidi. Kiti cha kwanza nilichokifanyia kazi kilikuwa cha kwetu. Nilikipiga msasa upande wa chini wa kitako kwa sababu niliona pana alama za penseli zilizofifia ambazo nilizichukulia kuwa uchafu. Bibi alipokuja kukitazama aliinama, akachungulia, akauliza, "Na majina yako wapi?" Alikuwa ameandika kwa herufi za Kiarabu majina ya watoto wote waliokikalia, pamoja na mwezi aliozaliwa kila mmoja. Nilikuwa nimeyageuza vumbi kwa dakika tano. Kwa hiyo piga picha upande wa chini, nyuma ya egemeo na ndani ya meza, kwa mwanga wa taa iliyowekwa ubavuni badala ya mbele, kwa sababu maandishi yaliyofifia huonekana zaidi yakimulikwa kutoka upande. Palipo na maandishi pafunike kwa karatasi na usipaguse hadi mwisho wa kazi. Upande wa chini haukaliwi na mtu. Hauna haja ya kung'aa.

Wakati huo huo kikunje na kukikunjua mara tatu polepole, ukipiga picha kila hatua. Picha hizo ndizo zitakazokuambia kipande kipi kilielekea wapi.

2. Amua kuhusu rangi kabla ya kuigusa. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978, na nchi nyingine zilichelewa zaidi, kwa hiyo rangi iliyopakwa katika ujana wa wazazi wetu ichukulie kuwa ina risasi hata kama hujaipima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na madini hayo huathiri ubongo wa mtoto unaokua. Mtoto anayeota meno huguguna ukingo wa meza na mikono ya kiti, yaani pale pale ambapo rangi imebanduka.

Rangi hiyo usiipige msasa mkavu, usiikwangue kwa mashine, wala usiichome kwa taa ya moto, maana vumbi lake na moshi wake ni hatari kuliko rangi yenyewe ilivyokuwa mahali pake. Fanya kazi nje, juu ya karatasi ya nailoni, mbali na watoto na mama mjamzito. Paka dawa ya kutolea rangi iliyo nzito kama uji, iache ilainishe, kisha ikwangue ingali mbichi. Mabaki yaondoe kwa msasa wa maji huku mbao ikiwa imelowa. Takataka zote zifunge ndani ya mifuko miwili, na usizifagie kwa ufagio. Nguo ulizovaa zifue peke yake. Ukiona kazi hii imekuzidi, mpe fundi, lakini mweleze kwa maneno bayana kwamba hutaki msasa mkavu, kwa sababu akiachwa peke yake ndiyo njia atakayoitumia.

Ikiwa kiti hakikupakwa rangi bali kina vanishi tu, kazi yako ni nyepesi. Hata hivyo vaa barakoa wakati wa kupiga msasa, kwa kuwa vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu.

3. Tafuta bungua. Tazama ncha za miguu, pembe za ndani na upande wa chini wa meza. Matundu ya milimita 1 hadi 2 yaliyokauka na kuingia uchafu ni ya zamani. Matundu yenye ukingo safi na unga laini unaomwagika ukigonga mbao yana mdudu aliye hai. Dawa za wadudu sizipendekezi kwa kitu kitakachoingia kinywani mwa mtoto. Friza inatosha: funga kila kipande kilichoathirika ndani ya nailoni isiyopitisha hewa, kiweke kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kitoe na ukiache ndani ya nailoni yake siku nzima kabla ya kukifungua, ili unyevu wa hewa ushike nailoni badala ya mbao. Nimewahi kuweka meza ya kiti katikati ya samaki, changu na tafi, kwa siku kumi na nne, na haikunuka. Mguu uliobunguliwa hadi kisu kinazama kwa kusukumwa na kidole hauponyeki, utengenezewe mwingine.

4. Fungua kilicholegea tu. Shika kila kiungo kwa mikono miwili ukitikise. Kile kisichocheza kiache kama kilivyo, hata ikiwa unatamani kukiona ndani. Kilicholegea kigonge taratibu kwa nyundo ya mpira ukiweka kipande cha mbao katikati, na kikigoma, kidondoshee siki ya vuguvugu kwenye mstari wa kiungo, usubiri robo saa, ujaribu tena. Weka alama kwa penseli kwenye kila jozi kabla ya kuitenganisha: moja na moja, mbili na mbili. Miguu ya kiti kilichotengenezwa kwa mkono hufanana lakini si sawa.

Ukikuta msumari kwenye kiungo, ujue kuna mtu aliyewahi kukitengeneza kwa haraka. Msumari hupasua ulimi wa mbao ulio ndani, yaani ncha inayoingia kwenye tundu la kipande kingine, kisha kutu yake hula mbao inayouzunguka, na katika hewa hii ya chumvi haichukui miaka mingi. Ung'oe, na usirudishe mwingine.

5. Safisha gundi ya zamani, kisha gundisha. Gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu, inashika mbao. Kosa la kukamulia gundi kwenye ufa na kukaza kamba ndilo linalorudisha viti vingi kwangu baada ya miezi miwili. Gundi ya asili, iliyopikwa kwa ngozi na mifupa, ni ya kahawia na huvunjika kama sukari iliyoungua; maji ya moto na mswaki huitoa. Ikiwa ni nyeupe na inavutika kama mpira, ni ya matengenezo ya baadaye, nayo hulainika kwa siki ya moto kisha ikakwanguliwa kwa patasi. Acha mbao ikauke siku mbili. Kama mbao ni msaji, ipanguse kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka gundi, kwa maana msaji una mafuta yake yanayosukuma gundi.

Paka gundi kwenye ulimi na ndani ya tundu, unganisha, kisha zungusha vipande vya tyubu ya baiskeli ukivivuta kwa nguvu. Mpira hukaza pande zote kwa usawa na haukwaruzi mbao, na kwa miguu ya duara iliyopinda ni bora kuliko klampu. Kabla gundi haijashika, pima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya milimita 3, fremu imekwenda upande, isukume hadi vilingane. Futa gundi iliyovuja kwa kitambaa kibichi papo hapo, kwani ikikauka itazuia vanishi na kuacha doa jeupe. Usiguse kwa saa 24, na kama hewa ni ya mvua, kwa saa 48.

6. Mhimili, bawaba na kulabu. Hapa ndipo ningependa uende polepole kuliko mahali pengine popote, kwa sababu uzito wote wa mtoto unaning'inia kwenye boliti mbili na kulabu moja.

Toa boliti ya mhimili na uchungulie tundu lake. Likiwa bado la duara, weka boliti mpya na washa kila upande. Likiwa limekuwa refu kama yai, boliti nene zaidi haitasaidia, maana italiendeleza lile lile. Litoboe liwe kubwa na la duara, ligundishe kijiti cha mbao ngumu kinacholijaza kabisa, liache likauke, kisha toboa upya kwa kipimo cha boliti. Ukimpata fundi chuma wa kukukatia kipande cha bomba jembamba la shaba la kuvika tundu kwa ndani, kiti hicho utamwachia mjukuu. Nati iwe ya kujifunga, ile yenye pete ya nailoni ndani, kwa kuwa nati ya kawaida hujifungua yenyewe kwa kukunjwa na kukunjuliwa.

Bawaba za shaba zilizopoteza rangi zisugue kwa ndimu na chumvi, uzisuuze vizuri na kuzikausha. Ikiwa matundu ya skrubu yamekuwa mapana, yajaze kwa vijiti vya mbao ngumu vilivyopakwa gundi. Njiti za kibiriti ni laini mno kwa kazi hii. Skrubu za shaba ni laini na hukatika shingo, kwa hiyo tangulia kuingiza skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule ili ichonge njia, itoe, kisha ingiza ya shaba ukiwa umeipitisha kwenye sabuni. Usichanganye bawaba ya shaba na skrubu za chuma cha kawaida, kwa sababu chumvi ya bahari itazila skrubu hizo huku bawaba ikibaki nzima, na hutaona kitu hadi itakapobanduka.

Sasa kulabu. Viti vingi vya zamani vina kulabu moja tu inayozuia kiti kisijikunje kikiwa kirefu. Ongeza ya pili upande wa mkabala, hata kama unadhani unaharibu umbo la asili. Kwetu tuliiacha moja kwa uvivu wangu. Binamu yangu mdogo alikuwa na mazoea ya kurukaruka akiona uji unaletwa, na siku moja kulabu iliruka kutoka kwenye kikuku chake, kiti kikashuka kama ngamia anavyopiga magoti, naye akabaki amekaa chini ameshika kijiko, uji ukiwa umemwagika hadi mlangoni. Hakuumia. Mama yake hakusema nami kwa siku tatu, na alikuwa na haki. Kulabu ziwe za aina inayohitaji kuinuliwa na kusukumwa kwa pamoja, na ziwe mahali ambapo mkono wa mtoto aliyekaa haufiki.

Kagua pia pengo linalofunguka na kujifunga kiti kinapokunjwa. Pengo la milimita 5 hadi 12 hupokea kidole cha mtoto. Lipunguze kwa washa au lipanue kwa patasi.

7. Usikate mguu nyumbani. Kiti kikiyumba, mkono hukimbilia msumeno. Subiri. Sakafu za nyumba nyingi za Mji wa Kale ni za chokaa na hazikulala sawa tangu zilipomwagwa, kwa hiyo huenda kinachoyumba ni nyumba. Weka kiti juu ya kioo kinene kilicholala juu ya meza iliyo sawa. Kikiyumba hapo, kwanza hakikisha viungo vimekaa, na ikiwa tofauti haizidi milimita 2, bandika kipande cha ngozi chini ya mguu mfupi. Kukata mguu mrefu ni neno la mwisho.

8. Msasa na vanishi. Anza na namba 120 pale penye mikwaruzo tu, kisha 180 na 240 kila mahali, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Ukingo wa meza ulioliwa kidogo kidogo na viganja vya watoto waliotangulia usiunyooshe; hauna makali, na seremala yeyote angekutoza fedha kuutengeneza ulaini ule.

Kuna mazoea hapa kwetu ya kupaka mafuta ya nazi mbao ikiwa kavu. Usifanye hivyo kwenye kiti cha mtoto. Mafuta ya nazi hayakauki yakawa ngozi, hubaki yananata, baadaye huweza kuvunda, na sisimizi watakuja kukuonyesha kila mahali ulipoyapaka. Mafuta ya kitani hukauka, lakini matambara uliyoyatumia usiyakunje ukayarundika, kwani hujipasha joto na yanaweza kuwaka moto yenyewe. Yaanike yakiwa yametandazwa wazi, au yaloweke ndani ya ndoo ya maji. Kwa meza ya kulia chakula mimi hupendelea vanishi, mikono mitatu myembamba, kila mkono ukikauka na kupitishwa msasa wa 240 kabla ya unaofuata. Anza kazi saa nne asubuhi, umande ukiwa umekwisha, na uache kabla ya alasiri kuisha. Kisha subiri wiki nne kabla mtoto hajakikalia, hata kama ukavu wa juu unakudanganya baada ya siku mbili.

Kitako kikiwa cha henzirani iliyosukwa na kimetoboka, mpelekee msukaji. Hii ni kazi ya mkono uliozoea.

9. Funga mkanda. Viti vya zamani havikuwa na mkanda, au vilikuwa na kipande cha ngozi ambacho sasa hukatika kwa vidole. Unahitaji mkanda wa kiunoni na mwingine unaopita katikati ya mapaja, ili mtoto asiteleze chini ya meza. Mkanda wa kiunoni peke yake ni hatari, kwa kuwa anayeteleza huweza kukwama shingoni. Ufunge kwa boliti inayopita mbao hadi upande wa pili na washa pana, wala si kwa skrubu fupi.

10. Jaribio la unga. Kikunjue kiti kiwe kirefu, funga kulabu zote mbili, kisha weka juu ya kitako bunda la unga la pakiti 12 za kilo 2. Hizo ni kilo 24, na mtoto wa miaka mitatu huwa na kilo 15 hivi. Liache usiku kucha. Asubuhi lisukume egemeo kwa nyuma na kwa pande, ukisikiliza. Mlio wowote una mahali unapotokea, utafute. Kisha toa unga, kikunje na kukikunjua mara ishirini, na urudie kusikiliza. Kikishindwa, rudi hatua ya 6.

Na kama ulichorithi ni kitanda?

Vipo vitanda vya watoto ambavyo ukitoa ubavu mmoja huwa kiti kirefu cha kukalia, na ukitoa zote mbili huwa kitanda cha mtoto mkubwa. Hatua za rangi, bungua na gundi ni zile zile, lakini kitanda kina masharti yake kwa sababu mtoto hubaki humo peke yake wakati nyinyi mmelala.

Chukua kopo la soda ulipitishe kati ya fito. Likipita, fito zimeachana mno. Nafasi isizidi sentimita 6. Godoro lisiache upenyo wa zaidi ya vidole viwili popote ukingoni. Nguzo za pembeni zikatwe ziwe sawa na ubao wa kichwani, au ziwe ndefu kabisa za kutundikia chandarua, zaidi ya sentimita 40 juu ya ubao huo. Vinundu vya urefu wa katikati hunasa kola ya nguo. Na ubavu ukiwa wa kuteremka na kupanda kwenye reli zake, ujue kwamba Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vitanda vya aina hiyo mwezi Juni 2011 baada ya watoto kunaswa na kufa kati ya ubavu ulioachia na godoro. Ubavu huo ufunge moja kwa moja kwa boliti, au kitanda ukigeuze kiti cha kukalia na ukiache hivyo. Bibi atanung'unika. Mwonyeshe kopo la soda.

Matatizo yanayojitokeza baadaye

*Kigari kinakwenda upande.* Ekseli imepinda au gurudumu moja limeliwa. Zungusha kila gurudumu ukilitazama kwa mbele, linaloyumba ndilo. Fundi baiskeli hunyoosha ekseli kwa dakika chache.

*Vanishi inanata baada ya wiki.* Kuna mafuta ya zamani chini yake, mara nyingi ya nazi au ya nta ya samani. Itoe, panguse mbao kwa spiriti mara mbili kwa kitambaa safi kila mara, uanze upya. Kuongeza mkono mwingine juu yake hakutaikausha.

*Vanishi imeingia ukungu mweupe.* Uliipaka hewa ikiwa na unyevu. Ngoja siku kavu, pitisha msasa wa 240, paka tena.

*Kinanuka kabati.* Kianike kivulini penye upepo kwa siku kadhaa. Juani pakali mbao hupasuka. Kufukiza udi hakuondoi harufu. Kutakupa harufu mbili.

*Bawaba inalia.* Ipake nta ya mshumaa. Mafuta ya mashine yatadondoka kwenye nguo za mtoto, na baadaye mkononi mwake.

*Unga wa bungua umeonekana tena.* Rudia friza kwa kipande hicho, na ukague samani iliyokuwa karibu nacho, kwa kuwa huenda hakutokea kwenye kiti.

*Meza ilifunga vizuri mwezi wa Januari, na sasa, mwezi wa Mei, haiingii mahali pake.* Mbao imenywa unyevu wa masika na kuvimba. Usilete randa. Ukiipunguza sasa, kaskazi ikirudi meza itacheza, na kulabu zake hazitashika. Itoe, mtoto ale chakula kwenye mkeka kwa wiki hizo chache, na uijaribu tena mvua zikiisha.